Naomba ushauri: barua ya faraja ya kampuni mama inanilinda?

Ndugu wanasheria na wafanyabiashara, habari zenu.

Nauza vifaa vya ujenzi Mombasa. Kampuni tanzu niliyoiuzia mabati na nondo kwa mkopo imekwama kulipa. Kabla ya kutoa mzigo niliomba dhamana. Kampuni mama inayoimiliki ilikataa, ikanipa barua ya faraja (comfort letter, yaani barua ya kumtuliza mdai bila kutoa dhamana) yenye saini ya mkurugenzi: “Ni sera yetu kuhakikisha kampuni hii inaweza kukulipa madeni yake wakati wote.”

Nimepeleka barua ya madai. Wakili wao anajibu kwamba hiyo ni sera, si ahadi, na anataja Kleinwort Benson dhidi ya Malaysia Mining Corporation: Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, 1989, ilisema maneno ya aina hiyo yanaeleza sera ya siku hiyo tu, hayaahidi ya kesho. Kinachonitia hofu ni kwamba hata katika kesi hiyo kampuni mama ilikuwa imekataa kutoa dhamana. Lakini mwaka huohuo, katika kesi ya Banque Brussels Lambert, mahakama ya New South Wales, Australia, iliamua barua inayofanana na hiyo inamfunga mwandishi wake.

Naomba kujua: mahakama za Kenya zinaelekea upande upi? Na nikithibitisha kwamba sera hiyo haikuwapo kabisa siku walipoandika, naweza kuishtaki kampuni mama kwa kunipa maelezo ya uongo, hata kama barua yenyewe si mkataba?

Aliyewahi kusimamia shauri la namna hii tafadhali anisaidie. Mtaji wangu mwingi umo humo.