Lenzi mtumba kutoka Japani, kodi ya lenzi mpya: nani aliwaruhusu kunitangazia bei?

Wakuu habari za humu. Nina hasira na nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite, sitamlaumu.

Mimi ni mpiga picha wa sherehe hapa Kigoma Mjini. Ndoa, sendofu, kichenpati, kipaimara, msiba mara mojamoja. Wanaojua kumbi zetu za Mwanga na Ujiji wanajua giza lake. MC anataka taa za zambarau, bi harusi anaingia kafunikwa shela, na wewe umebanwa nyuma ya kamati nzima iliyonyanyua simu juu. Kwa kazi hiyo unahitaji lenzi inayovuta mbali na inayomeza mwanga. Miaka mitatu nimeazima ya jamaa yangu, na kila nikiazima namlipa, akisafiri nayo ndiyo imekula kwangu. Nikasema basi, mwaka huu nanunua yangu.

Niliyoitaka ni Canon 70-200 f/2.8 toleo la pili, ile nyeupe nzito inayokaribia kilo moja na nusu. Ilitoka 2010 kwa dola 2,499. Mwaka 2018 likatoka toleo la tatu kwa dola 2,099. Hiyo 2,099 ikumbukeni, itarudi.

Nikaipata kwa muuzaji wa Osaka. Dola 780, usafirishaji dola 60, jumla 840. Kwa dola ya 2,600 niliyokatwa benki, hiyo ni 2,184,000. Wajapani wakiuza mtumba wanaeleza kasoro mpaka unaona aibu kwa niaba yao: rangi imechubuka hapa, kofia ina mikwaruzo, ndani kuna vumbi kidogo lisiloonekana kwenye picha, ukungu hakuna. Picha kumi na nne. Na chini kabisa ya tangazo kaandika wazi kwamba ushuru na kodi za nchi ya mnunuzi hazimo kwenye bei, ni juu ya mnunuzi mwenyewe. Nililisoma hilo. Kwa hiyo wale mnaotaka kuja na "hukusoma masharti", kaeni chini kwanza.

Nilipiga hesabu kabla ya kulipa. Ushuru wa forodha Afrika Mashariki una viwango vyake vinne, asilimia sifuri, 10, 25 na 35, na kifaa chako kinaangukia wapi inategemea msimbo wa HS wa hicho kifaa, yaani namba ambayo forodha wanatambulia aina ya bidhaa. Nikajiwekea 25 ili nisije nikalia. Watu wengi wanakosea hapa: wanajumlisha 25 na VAT ya 18, wanapata 43, wanafurahi. Haiendi hivyo. VAT inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima, UKISHAONGEZA ushuru. Kwa hiyo mia yako inakuwa 125, halafu 18 inapigwa juu ya 125, unafika 147 na nusu. Kwa dola zangu 840, ushuru 546,000, VAT 491,400. Juu yake kuna tozo ndogondogo, ikiwemo ile ya maendeleo ya reli. Nikatenga 1,100,000 kwenye simu, nikaifungia. Mke wangu akaniuliza hiyo hela ni ya nini, nikamwambia ya serikali. Akacheka.

(Kuhusu tozo ya reli, sisi huku ndio mwisho wa reli. Treni ya Mjerumani ilitufikia 1914. Ya kisasa watu wa Dodoma wanaipanda tangu 2024, sisi kipande chetu cha kutoka Tabora mkataba ulisainiwa Desemba 2022 na bado tunasubiri. Tozo tunalipa kama wenzetu, tena papo hapo. Haya, tuendelee.)

Mzigo ukatoka Osaka Jumatatu, Ijumaa uko Dar. Haraka nzuri kabisa, hapo sina neno. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatano ndiyo napigiwa simu na dada mmoja wa kampuni ya vifurushi, sauti tamu:

"Kaka, mzigo wako umefika. Kuna malipo kidogo."

"Kidogo kiasi gani, dada?"

"Nakutumia kwenye WhatsApp."

Wakuu, nilikuwa Kibirizi napiga picha za boti mpya ya mzee mmoja. Nikafungua simu nikakuta 2,888,310. Nikadhani wamenitumia karatasi ya mtu mwingine. Nikaangalia jina, ni langu. Nikaangalia tena namba, ni ileile. Yule mzee akaniuliza, "Vipi mwanangu, kuna msiba?"

Kodi kubwa kuliko mzigo! Lenzi na usafiri wake 2,184,000, ili wanipe hiyo lenzi nilipe 2,888,310!

Nikaomba mchanganuo. Ushuru 1,403,350. VAT 1,263,015. Tozo mbili, karibu 117,000. "Gharama ya kushughulikia" 85,000, hii ni ya kampuni yenyewe. Stoo siku mbili, 20,000. Stoo, wakati wao ndio wamekaa na mzigo siku tano bila kunipigia!

Nikarudi nyuma kwa hesabu kutafuta walianzia wapi. Thamani waliyoandika: dola 2,099, ongeza 60 ya usafiri. Mnaikumbuka 2,099? Ndiyo hiyohiyo. Bei ya lenzi MPYA, ya toleo la TATU, ambayo si niliyonunua. Mtu kakaa ofisini, kaandika "Canon 70-200" mtandaoni, ya kwanza iliyotokea ndiyo kanibandika.

Nikapiga simu. Nikamuuliza yule dada, invoisi si ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni nje ya boksi? Akasema ilikuwepo ila "haieleweki". Kwa nini haieleweki? Kwa sababu imeandikwa 117,000. Ni yeni, dada yangu. Mzigo umetoka Japani, mlitaka iandikwe kwa faranga za Burundi? Yeni 117,000 kwa kiwango cha siku ile ni hizo dola 780. Kigoma hapa mama muuza vitenge anabadilisha faranga za Congo, za Burundi na shilingi kichwani huku kabeba mtoto. Kampuni inayosafirisha vifurushi dunia nzima imeshindwa yeni.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba tusiipotoshe. Sikatai kodi. Kodi nilishaitenga. Kinachonichoma ni kwamba hawa watu wa kampuni ndio waliojaza tamko la forodha KWA NIABA YANGU. Mimi ndiye mwenye mzigo kwenye karatasi, jina langu, TIN yangu, halafu thamani kaandika mtu asiyewahi kuniuliza hata swali moja. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema msingi wa kwanza wa thamani ni bei iliyolipwa kweli. Forodha wakiitilia shaka wanaweza kukuomba uthibitisho, ni haki yao. Ila hapa hakuna aliyeitilia shaka bei yangu, kwa sababu bei yangu haikufika mezani kwao. Waliyopelekewa ni ya kuokota mtandaoni.

Na hata ukisema wanalinganisha na bidhaa inayofanana, lenzi mpya ya 2018 ikiwa ndani ya boksi lake inafanana vipi na mtumba wa toleo la 2010 uliochubuka rangi? Pikipiki ya mkononi utaikadiria kwa bei ya dukani?

Linganisheni na wakina mama wa Kibirizi. Mama anapeleka magunia ya dagaa Dar. Kabla gari halijawashwa anajua gunia linalipiwa shilingi ngapi, ushuru wa mazao kiasi gani, kuli anachukua ngapi, na kama kuna wa kupozwa njiani anajua na huyo pia. Hana tovuti wala namba ya kufuatilia mzigo. Anajua. Mimi nina namba ya kufuatilia yenye herufi kumi na mbili, inaniambia boksi langu lilipita uwanja gani wa ndege saa ngapi usiku, lakini nitalipa shilingi ngapi haijui.

Nikaandika barua ya kupinga. Kwa wasiojua, ukishapewa uamuzi wa forodha una siku 30 za kuomba upitiwe upya, kifungu cha 229 cha hiyohiyo sheria. Nikaambatanisha taarifa ya benki inayoonyesha dola 840 zimetoka, ukurasa wa tangazo, picha zote kumi na nne na mikwaruzo yake, na ujumbe wa muuzaji. Nikatuma kwa kampuni waipeleke forodha. Dada akajibu "imepokelewa".

Siku nne, kimya. Napiga, "inafanyiwa kazi kaka". Siku ya saba naambiwa aliyekuwa analishughulikia yuko likizo. Siku ya kumi na moja nikampigia binamu yangu wa Temeke, nikamwomba aende kwa miguu yake. Alikuta barua yangu haijatoka kwenye meza ya kampuni. Haijatoka! Kaisimamia mpaka ikapelekwa, na ilipofika forodha, wakuu, nitasema ukweli hata kama nina hasira, ilichukua siku mbili tu. Mama mmoja kaangalia taarifa ya benki, kaangalia picha, kasema rekebisheni.

Kodi yenyewe, ukitoa hela ya kampuni, ikashuka kutoka 2,783,310 mpaka 1,082,328. Ndani ya kile nilichotenga. Milioni moja na laki saba ilikuwa iondoke kwa uvivu wa mtu mmoja kusoma alama ya yeni.

Nikafurahi? Subirini. Ikaja bili ya kampuni. Kushughulikia 85,000 ileile. Stoo siku 19, 190,000. Halafu kuna kitu kipya, "marekebisho ya nyaraka", 60,000. Yaani wamekosea wao, wameikalia barua siku kumi na moja wao, na kurekebisha kosa lao nalipa mimi. Jumla yao peke yao 335,000. Nililipa, ningefanyaje, kila siku ninayobishana ni elfu kumi. Nilipolipa niliomba risiti inayotenganisha kodi ya serikali na hela yao, wakaniletea mstari mmoja tu, "malipo ya forodha". Mtu asiyejua ataondoka akiitukana serikali kwa hela ambayo serikali haijaiona.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Wanaosema ningemwambia muuzaji aandike "zawadi, dola 20". Aliniuliza mwenyewe kama nataka, nikakataa. Kwanza tamko la uongo ni kosa, sheria hiyo inataja kifungo hadi miaka mitatu au faini hadi dola 10,000. Pili, boksi likipotea utafidiwa dola 20. Tatu, nisingekuwa na cha kupinga nacho. Taarifa ya benki ingesema 840, karatasi 20, yule mama wa forodha angenitazama vipi?

Mkuu aliyeuliza kuhusu 25, hiyo ndiyo niliyoandikiwa mimi. Usiichukue kwa kifaa chako. Kamera, lenzi, betri na flashi kila kimoja kina msimbo wake, mwambie wakala akupe msimbo kwa maandishi kabla hujalipa Japani.

Aliyesema ningenunua Kariakoo, niliulizia. Hiyohiyo, imechoka kuliko yangu, 3,900,000, na muuzaji hataki uifunge kwenye kamera yako ukaijaribu.

Ninachofanya tangu sasa: siku mzigo unapotoka kwa muuzaji, natuma invoisi kwa kampuni, nimeandika mwenyewe thamani kwa yeni, dola na shilingi, pamoja na taarifa ya benki, na nasema kwa maandishi wasijaze tamko bila mimi kuliona. Wakikataa kujibu, nina ushahidi.

Lenzi imefika jana kwa basi, elfu ishirini na tano nyingine. Ni nzima, safi, kama alivyosema Mjapani. Kesho nina sendofu Mwandiga, kwa hiyo sitakuwa humu mpaka Jumapili. Aliyewahi kurudishiwa hela ya stoo na hizi kampuni, hata nusu, aniandikie alianzia ofisi gani na alichukua nini mkononi. 250,000 ya stoo na marekebisho naitaka. Ile 85,000 wabaki nayo, wakanunulie kikokotoo.