Mume yumo kwenye kompyuta: mjane akae eda?

Jana barazani Mkomani, Lamu, kahawa tungu ilitupolea mikononi. Kijana mmoja mpenda riwaya za kisayansi alituuliza: mtu amekufa na kuzikwa, lakini ubongo wake ulikwisha kunakiliwa kwenye kompyuta. Nakala yaongea, yatania, yakumbuka hata nani ana deni lake. Je, mkewe akae eda ya miezi 4 na siku 10? Mirathi igawiwe?

Mimi nasema eda ikaliwe na mali igawiwe. Utotoni nilihifadhi Barzanji, kisomo cha Kiarabu cha Maulidi, chuoni mwanzo hadi mwisho, na Kiarabu sikijui. Wageni wa Maulidi wakinisikia walidhani nafahamu. Mwanafalsafa John Searle alitoa mfano wa aina hiyo mwaka 1980: asiyejua Kichina kafungiwa chumbani na kitabu cha kanuni, ajibu maswali ya Kichina barabara, na walio nje waamini anakijua. Naye Peter Watts, mwandishi wa Kanada aliyesomea viumbe vya bahari, katika riwaya yake ya Blindsight (2006) alibuni viumbe werevu kutushinda, wasiojitambua hata chembe. Werevu ni kitu kimoja, kujitambua ni kingine. Nipingeni.

Wa Langoni: Mwenzangu, riwaya si shahidi. Na Barzanji yako yakugeuka: ungeulizwa swali moja tu juu ya maana yake, ungejibu? Chumba cha Searle chajibu kila swali. Halafu mimi najuaje kwamba wewe una fahamu? Nakusikia ukijibu, basi. Ukiikatalia nakala kwa hoja hiyo, nami nikukatalie wewe.

Mama wa Matondoni: Mwazozania tanga la jahazi ambalo hata mkuku haujalazwa. Ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa ilichapishwa 2024, seli za neva kama 139,000. Wetu una takriban bilioni 86. Tena ramani ya nzi hairuki. Lakini ajabu yangu ni nyingine: wanaume wazima mwagawa mali na kuhesabu eda, na hakuna aliyeuliza mjane mwenyewe asemaje. Akitaka kuolewa, nakala ikasema haijamwacha?

Mwanzisha mjadala: Wa Langoni, kwa Barzanji umenibana, nakubali. Dada, la mjane limetupita kweli, aibu yetu. Ila kompyuta hainakili mara moja tu. Zikiwa nakala mbili, kila moja yaapa kuwa ndiyo yeye, huyu mama ana waume wawili? Wa Langoni, hilo nijibu wewe. Kesho baada ya alasiri nipo palepale barazani.