Dogo kachomeka chaja ya laptopu kwenye eksteno (hadidiski ya nje) ya mezani, imezima kabisa. Data zinatoka?

StudioYaMtaa
Wakuu habari za jioni. Nina eksteno ya 4TB, zile kubwa za mezani zenye adapta yake ya 12V. Dogo wa studio kwenye kuhangaika na mawaya yaliyojazana chini ya meza kachomeka chaja ya laptopu, na tundu likaingia freshi tu, chaja yenyewe inatoa 19V. Ikalia "tak", harufu ya kuungua kidogo, basi. Nimerudisha adapta yake, taa haiwaki, mota haizunguki, ukiweka sikio kimyaa. Humo ndani kuna harusi na send-off za watu, zingine sijakabidhi bado na hela nishakula. Fundi wa hapa mtaani anasema nitafute hadidiski nyingine inayofanana nihamishe bodi yake ya umeme tu. Ni kweli au ndo naenda kuimalizia?

kichwa_maji
Ifunge kwenye mfuko wa nailoni weka friza usiku mzima, asubuhi inawaka hiyo

BodiNaRisasi
Friza achana nayo, ukiitoa unyevu unakaa kwenye sahani za ndani, na hapa shida ni umeme, baridi itasaidia nini?

Mkuu pole, ila kesi yako ina matumaini kuliko unavyodhani. Usiichomeke tena kwenye kava lake. Fungua kava la plastiki utoe hadidiski yenyewe (mfuniko wa chuma usiguse hata skrubu moja) halafu ichomeke kwenye kompyuta ya mezani kwa SATA (tundu la hadidiski la ndani ya PC). PC ikigoma kuwaka, ukiichomoa ikawaka, ujue kuna shoti kwenye bodi ya hadidiski, na mimi nikiona hivyo huwa nafurahi. Bodi za inchi 3.5 nyingi zina dayodi mbili za ulinzi zinaitwa TVS, zipo karibu na pale umeme unapoingilia, moja ya laini ya 5V nyingine ya 12V. Volti zikizidi ile dayodi inakubali kufa yenyewe, inapiga shoti umeme upitie kwake usifike kwenye chipu. Ndo maana disk inaonekana maiti kumbe chipu ziko salama.

Chomoa umeme, weka multimita kwenye omu, pima hizo dayodi pande zote mbili. Inayosoma karibu na 0 huku na huku imekufa, mpe fundi simu mwenye bloa ya hewa moto aing'oe. Disk inawaka bila hiyo dayodi ila haina tena ulinzi, kwa hiyo ni ya kunyonya data tu, na umeme uwe wa uhakika.

Dada_Seva
Naongezea kwenye hilo la bodi. Kuhamisha bodi hivi hivi kulifanya kazi kwenye hadidiski za kizamani. Za sasa kila moja ina chipu ndogo ya ROM, mara nyingi ya miguu 8, imebeba vipimo vya vichwa (vile vinavyosoma data) vya disk hiyohiyo tu. Ukifunga bodi ya jirani itazunguka halafu ianze kugonga, au isisomeke. Inabidi namba ya bodi zifanane NA uhamishe ile ROM. Kuna bodi hata hiyo chipu huioni, ROM imo ndani ya prosesa, hapo fundi wa mtaani mwache apumzike.

Na umeme ukiwa umefika mpaka kwenye chipu ya vichwa kule ndani, dayodi haisaidii, inakuwa ya kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi na bei yake inauma.

StudioYaMtaa
Wakuu Mungu awabariki!! PC iligoma kweli, dayodi ya upande wa 12V ikasoma sifuri huku na huku, fundi simu kaing'oa, mota imezunguka na BIOS (programu ya kuwashia PC) inaiona kwa jina na ukubwa wake. Sasa Windows inasema disk haijaandaliwa, nibonyeze OK iiandae. Nibonyeze?

Dada_Seva
USIBONYEZE kaka, ukikubali inaandika mambo yake mwanzoni mwa disk. Hii inatokana na ile bodi ndogo ya USB iliyobaki kwenye kava. Kuna kava zinahesabu sekta (vipande vya disk) za baiti 4096 wakati disk kwenye SATA inahesabu 512, kwa hiyo Windows inatafuta patisheni (mgawanyo wa disk) sehemu siyo. Na kuna kava, WD My Book nyingi ni hivyo, zinasimba data (zinaifunga kwa siri) kwenye hiyo bodi hata kama hukuwahi kuweka paswedi.

Washa Linux, nakili disk nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili disk) kwenda disk nyingine kubwa zaidi. 4TB kwa spidi ya 100MB kwa sekunde ni kama masaa 11, nenda kalale. Kisha angalia baiti 512 za mwanzo za nakala. Mwishoni ukikuta 55 AA, haijasimbwa, tumia losetup (amri ya Linux ya kuifungua nakala kama disk) na -b 4096 kwenye nakala. Ukikuta takataka tupu, utahitaji bodi ya USB ya kava kama lako, na ile yako iliyoungua usiitupe.

StudioYaMtaa
55 AA ipo. losetup imekubali, mafolda yote yanaonekana, nimefungua video kama tatu zinacheza. Nahamisha sasa hivi, dogo kanunuliwa soda kwa mshtuko alioupata

neema_k
Samahani nadandia uzi. Yangu ni ndogo ya mfukoni, haina adapta, ilichomekwa kwenye habu mbovu ya USB ikazima. Nifanye hivyohivyo?

BodiNaRisasi
Dada hiyo inatumia 5V peke yake kwa hiyo tafuta dayodi ya 5V tu, kupima ni kulekule. Ila nyingi za hivyo tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya disk moja kwa moja, SATA hutaikuta. Usikubali mtu akubadilishie bodi kwanza, piga picha ya bodi pande zote mbili uziweke hapa tuone.