7-Zip, WinRAR au Windows yenyewe: ipi ifungue RAR ya sehemu tano?

mtaa_wa_pili: Wakuu, nina RAR (faili lililobanwa) iliyogawanywa part1 hadi part5, ina nywila, na ndani yake kuna setup, faili la kusakinisha programu. Kompyuta ni Windows 11. Niongeze programu ya kufungulia au iliyomo kwenye Windows inatosha?

Kitufe88: Kwa kazi hiyo usiitegemee iliyomo. Windows 11 ilipoanza kufungua RAR na 7z mwaka 2023, zenye nywila haikuzikubali. Kwa ZIP ya kawaida, sawa, huhitaji kuongeza kitu. Hapa weka 7-Zip, ni ya bure hata kwa matumizi ya ofisini. Sehemu zote tano zikae folda moja, majina yasiguswe, kisha ufungue part1 tu. Nyingine itazifuata yenyewe.

Bandari_Kuu: WinRAR msiitupe, mkuu. 7-Zip inafungua RAR ila haiitengenezi wala haiikarabati. Ukikutana na "CRC failed" na nywila ni sahihi, basi kuna sehemu imeharibika, mara nyingi upakuaji ulikatika. Linganisha ukubwa: part1 hadi part4 huwa sawa mpaka baiti ya mwisho, ya tano ndiyo huwa ndogo. Iliyopungua ipakue upya, hiyo peke yake. Aliyebana akiwa ameweka rekodi ya uokoaji (data ya ziada ya kurekebishia), WinRAR hujaribu kuziba uharibifu mdogo kwa Alt+R. Asipoiweka, usipoteze muda. Majaribio ni siku 40, kisha inadai leseni.

Kitufe88: Kwenye ukarabati nakubali. Lakini WinRAR haijisasishi yenyewe, na matoleo ya chini ya 7.13 yana matundu ya usalama ambayo wahalifu wameshayatumia. 7-Zip nayo ni hivyo hivyo: iwe 25.01 au zaidi.

nukta_exe: Mmesahau hiyo setup. Usiibonyeze ikiwa bado ndani ya RAR! Baadhi ya programu hutoa faili hilo moja tu kwenye folda ya muda, setup inatafuta mafaili mengine haiyaoni, inakatika. Toa yote kwanza, kwenye folda ya jina fupi kama C:\kazi, maana njia ya faili (folda zote na jina lake) ndefu kupita herufi 260 nayo huleta makosa. Ukitolea kwenye flashi, iwe imeumbizwa (format) kwa exFAT. Kwenye FAT32 faili likifika GB 4 linagoma hata nafasi ikiwa tele.

Bandari_Kuu: Kwenye simu ya Android, ZArchiver inafungua sehemu na nywila pia.

mtaa_wa_pili: Part3 ndiyo pungufu, kwa MB 12. Naipakua upya hiyo tu.