Miswada yetu ya kale iliyoko London na Hamburg: irudi yote, au tuanze na hii inayoliwa na mchwa huku?

mpenda_tenzi (mwanzisha mada)

Wakuu salaam. Kwenye magrupu ya ushairi imeibuka tena ile hoja kwamba miswada ya kale ya pwani iliyoko Ulaya irudishwe, yote kabisa, na anayesita anaitwa kibaraka wa wazungu. Haya mimi nasita, niiteni mtakavyo ila nisikilizeni kwanza.

Ule muswada wa Utendi wa Tambuka, utenzi mrefu wa kale wa vita vya Waislamu na Warumi, unaotajwa kuwa wa mwaka 1728 uko Hamburg. SOAS, kile chuo cha masomo ya Asia na Afrika kule London, wana makaratasi ya Taylor, mmishenari aliyekaa Mombasa, humo ndo yamo mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, ambayo Mwalimu Sikujua alihangaika kuyakusanya, na wana ya Hichens pia, Mwingereza mtafiti wa ushairi wetu. Halafu kuna barua za Kilwa za mwaka 1711, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hizo ziko Goa, India, sababu Wareno wa Msumbiji wakuu wao walikuwa Goa. Sasa za Goa mtazidai vipi? Mtu kaandika barua, kaituma, imefika, aliyeipokea kaitunza. Nani kaibiwa hapo?

Na Kijuma je? Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji, mwenye khati ambayo ukiiona unanyamaza. Mzee huyu alikuwa anaandika nakala kwa oda. Wataalamu wa Kiswahili toka Ulaya, Alice Werner, Hichens, baadaye Dammann yule Mjerumani aliyefika Lamu miaka ya 1930, wote walimwagiza kazi na alilipwa. Kurasa zake nyingi mnazoziona mtandaoni alizitengeneza akijua fika zinapanda meli. Ukisema zimeporwa unamfanya Kijuma mtoto asiyejua biashara yake, na yule bwana alikuwa anaijua sana tu.

Msichanganye na Ethiopia. Maqdala mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilivunja ngome likabeba, miswada ya ngozi kwa mamia ikaishia London. Huo ni uporaji, hauna jina lingine. Lakini angalieni walivyodai, mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne alitaka nakala ya Kebra Nagast, kitabu cha habari za wafalme wao, aliitaja kwa jina, na ilirudi. Hakusema tu rudisheni vyote.

Mimi naona hela na kelele ziende kwenye makasha ya hukuhuku. Lamu, Pate, Siyu, Unguja, mpaka Ngazija, kuna nyumba babu alikuwa msomi, baba karithi kasha, mjukuu hajui kusoma hizo herufi, anadhani kila karatasi ni msahafu kwa hiyo anaogopa kutupa na anaogopa kushika, imo tu humo na mchwa wanajilia. Karibuni, ila mje na hoja.

Kijana_wa_Kisauni

Kwa Kijuma uko sawa, sikupingi. Ila umeruka kitu. Watu kama wewe mkibanwa mnakimbilia "zipo skani mtandaoni, si mkasome". Skani haikuonyeshi alama ya maji ndani ya karatasi mpaka uinue ukurasa kwenye mwanga, na hiyo alama ndo inakwambia karatasi imetoka kiwanda gani Ulaya na kama ule mwaka ulioandikwa mwishoni unaaminika. Haikuonyeshi kurasa zimeshonwaje, ipi imechomekwa baadaye. Mtafiti wa Mombasa akitaka hayo aombe viza, alipe ndege, alale London kwa bei za London, na pengine viza yenyewe akanyimwa. Yule wa London anashuka basi. Halafu hiyo intaneti mnayoitegemea, Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia Maktaba ya Uingereza na miezi mizima miswada waliyokuwa wameiweka mtandaoni haikufunguka. Kwa hiyo asili iko kwao na nakala nayo ikazimwa kwao, sisi tulibaki na nini?

Karani Mstaafu

Vijana mna hamasa lakini mtaiweka wapi? Nimefanya kazi ofisi moja ya umma siitaji, rejista za zamani zilikuwa chini ya AC inayovuja, zimefungwa kamba ya katani, na kila tukiandika barua kuomba makabati jibu ni bajeti ijayo. Maji ya AC nayo hayakusubiri bajeti. Chuo Kikuu cha Cape Town, wenye hela kutuzidi, Aprili 2021 moto umetoka mlimani ukateketeza ukumbi wa maktaba yao ya Jagger na hazina kubwa ya mambo ya Afrika. Mimi nasema ibaki huko iliko.

Kijana_wa_Kisauni

Mzee shikamoo, lakini hiyo ya moto iacheni jamani. Weimar, Ujerumani hiyohiyo, maktaba ya Anna Amalia iliungua 2004 vitabu kama 50,000 vikaenda. Köln 2009 jengo zima la nyaraka za mji liliporomoka ardhini, miswada ya karne za kati ikafukuliwa kwenye tope. Mbona hakuna aliyesema basi nyaraka za Köln zihamie Dodoma? Na Dar si jangwa, mtafiti Mwingereza J.W.T. Allen alikusanya miswada kwa ajili ya chuo kikuu pale na orodha yake ikachapwa 1970. Kwa hiyo tunaweza kutunza, ni kutaka tu.

Mama Sharifa wa Lamu

Asalaam aleikum. Nawasoma tangu asubuhi, mwabishana kuuza na kuiba, hakuna alotaja wakfu. Vitabu vingi vya dini huku mtu akinunua au akinakili alikuwa aandika ukurasa wa kwanza kwamba ni wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, kisiuzwe, kisirithiwe. Sasa kitabu kama hicho kikionekana Ulaya, hata kama kuna risiti, hata kama alouza ni mtoto wa nyumba, huyo aliuza kisichokuwa chake. Risiti haihalalishi wakfu. Mwasema makasha ya familia, lakini si kila kilicho ndani ya kasha ni cha familia.

Na kutunza twajua. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha papa hapa Lamu kwa ule mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, picha zikenda duniani, vitabu vikabaki. Hakuna aloambiwa alete kitabu London.

fundi_majalada

Wakati mnabishana naomba niwaombe walio na makasha. Msitumie selotepu, gundi yake inakuwa ya njano inaingia kwenye karatasi na haitoki. Msipulize dawa ya mende ndani ya kasha. Msianike juani, hata kikilowa, kipeperushwe kivulini. Kasha liinuliwe sakafuni na lisigande ukutani, chumvi ya bahari na unyevu vinapanda kwa ukuta. Mikono iwe mikavu na safi inatosha, glavu zenyewe zinafanya usihisi karatasi ukaichana. Na kabla ya yote pigeni picha kwa simu, mwanga wa dirishani bila flashi, ukurasa mzima na pambizo zake, maana pambizoni ndo watu waliandika fulani kazaliwa, fulani kafa, nani kaazima.

mpenda_tenzi

Karani, sikubali ibaki tu kwa sababu makabati yetu mabovu, kwa mwendo huo hata kasha la Pate mtalipeleka Hamburg. Kisauni, suala la viza ni la kweli na ndo maana nasema tudai kwa jina kama Yohannes. Za Kijuma zikae, tudai nafasi za watafiti wetu kwenda kuzishika bila kugharamia. Za Goa zikae. Lakini Mama Sharifa amenipa kitu cha kufanyia kazi, hiyo orodha ya vyenye maandishi ya wakfu inaweza kutengenezwa hata na sisi hapa. Skani za SOAS ziko wazi, anayesoma herufi za Kiarabu apitie kurasa za mwanzo tu, akikuta neno wakfu na jina la mahali anakili namba ya muswada aiweke hapa. Mimi naanza na makaratasi ya Taylor. Nani anachukua ya Hichens?