Kobe mgeni wa Leicester: gumzo la kikundi cha ukoo

*Jumamosi*

Salma (Leicester): Assalaamu alaykum nyote, na shikamooni wakubwa zangu. Jana jioni tulimchukua kobe kutoka kituo cha kuokoa wanyama. Ni jike, kobe wa Hermann, katika jamii ya wale wa kusini mwa Ulaya. Tumeelezwa kwamba aliishi muda mrefu ndani ya tangi la kioo chumbani, bila taa ya kumfaa, akilishwa majani ya saladi na nyanya. Gamba lake limeota vinundu na mdomo wake umerefuka kupita kiasi. Tangu afike amejichimbia pembeni, hatoki wala hagusi chakula, nami nina wasiwasi mkubwa juu yake. Kaka Yusuf, wewe umefuga kobe huko Cardiff, naomba nasaha zako.

Shangazi Mwanakheri (Unguja): Wa alaykumu ssalaam, marahaba mwanangu. Masikini, ameteseka. Mpeni mchicha. Kobe wetu wa kisiwa cha Changuu wakiona fungu la mchicha mkononi mwa mgeni huinuka hapo hapo wakamfuata.

Yusuf (Cardiff): Shikamoo Shangazi. Salma, kabla hatujazungumza chakula, naomba unijibu jambo moja: chini ya taa yake pana joto kiasi gani, ukipima kwenye usawa wa mgongo wake na si ukutani?

Salma (Leicester): Nimepima sasa hivi kwa kipimajoto cha jikoni. Ni nyuzi 24.

Yusuf (Cardiff): Basi tumeipata sababu moja kubwa ya yeye kutokula. Kobe hana joto la mwili la kwake mwenyewe kama sisi. Hulipokea kutoka nje, na bila hilo tumbo lake halisagi chakula, kwa hiyo hata akila akiwa baridi, kile chakula kitakaa tumboni na huenda kikachachuka. Mahali pa kuotea panatakiwa pafikie nyuzi 35 hivi, na upande wa pili wa sanduku ubaki kama 20 au 22, ili yeye mwenyewe achague pa kukaa. Ishushe taa kidogo kidogo, kila mara uweke kipimajoto chini yake na usubiri kabla ya kusoma, na usishushe tena mpaka usomaji utulie.

Kisha kuna taa ya pili, ambayo watu wengi huiona kuwa ya anasa. Anahitaji miale ya urujuanimno, ile inayoitwa UVB, kwa sababu ndiyo inayoiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu unayomnyunyizia juu ya majani hupita tumboni bila kuingia mifupani. Gamba ni mfupa. Kumweka dirishani hakusaidii, maana kioo cha kawaida huizuia karibu miale yote hiyo hata kama jua lenyewe linaonekana kali. Taa hizo huchoka kabla hazijazimika, kwa hiyo andika tarehe uliyoifunga na uibadilishe kila baada ya mwaka. Ziwashe zote mbili asubuhi na uzizime usiku, muda wa saa 12 unatosha.

Shangazi Mwanakheri (Unguja): Nimeelewa, mwanangu. Huku kwetu hakuna anayelifikiria hilo kwa kuwa jua lipo mwaka mzima.

Yusuf (Cardiff): Ndiyo hasa, Shangazi. Tena wale wa Changuu asili yao ni Aldabra, wa kwanza walitolewa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, nao ni wa visiwa vya joto na unyevu. Huyu wa Salma kwao kuna kiangazi kikavu na majira ya baridi. Mchicha si sumu kwake, lakini una asidi inayoishika kalsiamu isiweze kutumika mwilini, na huyu mgonjwa wetu kalsiamu ndiyo anayoihitaji zaidi. Bora apewe majani ya mwitu: dandelioni, klova, na yale ya bapa yaotayo kando ya njia, mradi yachumwe mahali pasiponyunyiziwa dawa wala kupitishwa mbwa. Matunda na nyanya tuviache kabisa, kwa sababu sukari yake huvuruga tumbo lililoumbwa kusaga nyuzinyuzi.

Shangazi Mwanakheri (Unguja): Hiyo dandelioni mlinionyesha nilipokuja kuwatembelea. Jani lake chungu na ukilikata hutoka utomvu mweupe. Ni jamaa ya mchunga wetu.

Yusuf (Cardiff): Ni jamaa moja kweli, Shangazi.

Mjomba Seif (Mombasa): Nimewasoma wote. Mimi ninamkumbuka Mzee wa hapa kwenye hifadhi ya Haller Park, kobe mkongwe aliyemkubali Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Je, huyu naye asitafutiwe mwenzake amwondolee upweke?

Yusuf (Cardiff): Shikamoo Mjomba. Kisa cha Mzee na Owen ni cha kweli na kilitugusa sote, lakini hata Mzee mwanzoni alimkwepa kiboko yule na kumfokea. Kobe wa Hermann hana haja ya mwenza. Dume angemsukuma na kumng'ata miguu jike huyu asiyejiweza, na kobe mpya huenda akamletea maradhi ambayo hayaonekani kwa macho. Kitu atakachokithamini ni utulivu: asibebwe, asipangusiwe gamba kwa mafuta, asionyeshwe wageni. Salma, kazi unayoweza kuifanya sasa ni kumwogesha kwa dakika 15 au 20 kila asubuhi katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi pale gamba la juu linapokutana na la chini. Hapo atakunywa na kujisaidia. Uangalie ule uji mweupe unaotoka pamoja na mkojo: ukiwa laini ni vizuri, ukiwa na chembechembe kama mchanga ujue amekaukiwa maji.

Rukia (Leicester): Watoto wanasema amewazomea walipomkaribia. Tena wananawa mikono baada ya kumgusa, nimelisimamia hilo kwa sababu ya bakteria wa salmonela.

Yusuf (Cardiff): Umefanya vyema sana, dada. Mwambie kila mtoto kwamba ule mlio si hasira: anapovuta kichwa na miguu ndani kwa ghafla, hewa iliyomo mapafuni hukosa nafasi ikatoka kwa nguvu.

*Jumanne*

Salma (Leicester): Alhamdulillahi. Taa tumeishusha hadi pakafikia nyuzi 34, na ya UVB tumeifunga kando yake. Leo baada ya kuoga alitoka mwenyewe udongoni, akasimama chini ya taa, akanyoosha shingo na miguu yote minne hata ya nyuma ikatandazika nje ya gamba. Kisha akalielekea jani la dandelioni, akalinusa kwa muda mrefu, akalikanyaga kwa mguu wa mbele na kulirarua. Alikula majani mawili. Uji mweupe ulikuwa na chembe.

Shangazi Mwanakheri (Unguja): Mungu awajaalie kheri. Nimefurahi mno.

Yusuf (Cardiff): Hizo ni dalili njema, ila chembe zinatutaka tuendelee na maji kila siku. Mpime kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki na uandike. Mdomo usiukate wewe, mwachie daktari anayewajua kobe. Na mwaka huu asilazwe usingizi wa majira ya baridi. Aliye mzima hulazwa kwenye friji yake peke yake, karibu nyuzi 5, lakini mdhaifu hana akiba ya kumfikisha mwisho wa majira hayo. Huyu ataendelea na taa zake mpaka masika.

Salma (Leicester): Tumepata miadi ya daktari Alhamisi saa nne asubuhi. Wametuambia tupeleke choo chake wakipime minyoo.

Yusuf (Cardiff): Chukua cha asubuhi hiyo hiyo au cha Jumatano jioni, ukitie kwenye kikopo chenye kifuniko kisikauke. Msafirishe katika boksi lenye taulo, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa iwe upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi aweze kusogea.