MREJESHO: Safari ya Antaktika, nimeshachagua meli

Wakuu habari za siku, huu ni mrejesho wa lile swali langu la Antaktika, kwamba nichukue meli kubwa ya bei poa au ndogo ya bei ya kuumiza, na niende mwezi gani. Nimechukua ndogo. Kilichonimaliza ni kwamba meli ikibeba abiria zaidi ya 500 haishushi watu kabisa, mnaangalia barafu mkiwa juu ya meli tu, na hata hizo nyingine wanaoshuka kwa mkupuo hawazidi 100, sasa mkiwa watu 400 piga hesabu mwenyewe foleni ya boti za mpira itakuwaje. Siwezi kulipa hela yote ile nikaone pengwini kwa darubini jamani.

Mwezi nimechagua Februari, vifaranga vinakuwa vimeshakua kidogo na nyangumi ndo wengi, ila theluji ya ufukweni inakuwa imechafuka kwa kinyesi cha pengwini, kwahiyo aliyeshauri Novemba kwa ajili ya theluji safi naye yuko sahihi. Tunapandia Ushuaia, Argentina, halafu kama siku mbili za kuvuka Drake, ile bahari kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ambako mawimbi hayana adabu, vidonge vya kichefuchefu nshanunua. Bima nimekata inayolipia kuhamishwa kwa dharura, maana huko ukivunjika mguu hospitali ya karibu ni kurudi ng'ambo.

Na yule aliyeniagiza picha ya dubu mweupe, mkuu hao wako kaskazini, hiyo ni safari ya Svalbard, visiwa vya Norway kule Aktiki.